Bastola kubwa zenye nguvu nyingi: ipi inamfaa mmiliki halali wa Uganda, na ipi aiache dukani

Raia wa Uganda anayetafuta silaha halali ya kujilinda hushauriwa na karibu kila mjuzi achukue bastola ya kawaida ya milimita 9, na ushauri huo ni sahihi. Hata hivyo wapo wanunuzi ambao macho yao yameshatua kwenye kitu kingine kabisa: rivolva ndefu (bastola ya silinda inayozunguka, isiyo na magazini, yaani kasha la risasi la kuchomeka) ya Magnum, jina la risasi zenye baruti nyingi, au bastola ya magazini ya Desert Eagle inayojaza viganja viwili, silaha ambayo jina lake peke yake humfanya mtu aketi vizuri kitini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Umezipanga silaha hizo kuanzia ile ninayoweza kuipendekeza kwa moyo mmoja hadi ile ambayo mnunuzi wa Kampala, Mbarara au Gulu hana kazi ya kuipa. Kipimo nilichotumia ni kimoja, nacho ni iwapo mmiliki ataweza kufanya nayo mazoezi mara kwa mara, apige anapolenga, na asimdhuru mtu asiyehusika. Nguvu inayozidi uwezo huo hainunui usalama wowote, bali humwongezea mwenye nayo gharama na hatari.

Mvuto wa silaha hizi ni wa kweli, na si haki kuudharau. Wengi wetu tulizijua kwanza katika vibanda vya video, VJ akisimulia filamu kwa Kiganda huku shujaa akiinua bastola inayong'aa yenye mtutu mnene kama bomba la maji. Lakini nyuma ya picha hizo kuna ufundi wa kuheshimika. Rivolva nzuri ya Magnum ni chuma kilichochongwa kwa vipimo vidogo sana, silinda yake hujifunga mbele ya mtutu kwa usahihi usioyumba, na mpigaji aliyefunzwa anaweza kugonga bamba la chuma lililo umbali wa mita 100 kwa silaha ambayo wengi hudhani ni ya kupigania chumbani. Anayeipenda kwa sababu hiyo, kama mwingine anavyopenda saa au injini, ana sababu njema. Tatizo huanza pale upendo huo unapovalishwa joho la ulinzi wa nyumba.

Kabla ya kutaja jina la silaha yoyote, sheria ieleweke. Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inamtaka raia awe na cheti ndipo amiliki silaha. Maombi huanzia nyumbani, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na polisi wa wilaya, hupitia mikono ya vyombo vya usalama vya wilaya, na uamuzi hutoka makao makuu ya polisi Naguru. Mwombaji huchunguzwa mwenendo wake na akili yake, na hutakiwa aeleze sababu ya kuhitaji silaha. Hapo ndipo mpenzi wa bastola kubwa anapokutana na swali lake la kwanza gumu, kwa kuwa ni rahisi kueleza kwa nini mwenye duka la kubadilisha fedha anahitaji bastola ya milimita 9, lakini si rahisi kueleza kwa nini anahitaji silaha iliyobuniwa kumwangusha dubu. Isitoshe, mwaka 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa tarehe 8 Juni, Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama zake za kipekee ili risasi iliyofyatuliwa iweze kufuatiliwa hadi kwa silaha iliyoitoa. Mwenye silaha ya kaliba (kipimo cha risasi) adimu anapaswa kujua kwamba yeye ndiye wa kwanza kuulizwa ganda la kaliba hiyo likiokotwa popote, kwa hiyo kumbukumbu zake za kila risasi zinapaswa kuwa safi kuliko za mtu mwingine.

Namba chache zitasaidia kulinganisha. Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni ikiwa na nguvu ya kama jouli 500. Ya .357 Magnum (namba za namna hii hutaja takribani kipenyo cha risasi kwa sehemu za inchi) huwa na jouli 700 hadi 800, ya .44 Magnum kati ya 1,000 na 1,400, na ya .50 AE ambayo Desert Eagle ndiyo iliyoipa umaarufu hukaribia 2,000. Ya .454 Casull hupita 2,300, na ya .500 Magnum hufika 3,300 na zaidi. Kwa Mganda, kipimo kinachoeleweka upesi ni AK-47, kwa kuwa hakuna kijiji ambacho hakijaiona begani mwa askari: risasi yake ina kama jouli 2,000. Maana yake ni kwamba bastola kubwa kuliko zote katika orodha hii hutoa risasi yenye nguvu kuliko ya AK, ilhali haina kitako cha kuegemea bega. Nguvu hiyo hurudi mkononi. Kwa hesabu ya fizikia, ukijumlisha uzito wa risasi, baruti na silaha, teke la bastola ya milimita 9 ni kama jouli 6, la AK ni kama 8 na hupokelewa na bega zima, la rivolva ya .44 yenye kilo 1.4 hukaribia 24, na la .500 hupita 60 ingawa silaha yenyewe ina kilo 2. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayoeleza karibu kila jambo litakalosemwa hapa chini.

Nafasi ya kwanza: rivolva ya chuma ya .357 Magnum

Ruger GP100 na Smith & Wesson 686 ndizo silaha ninazompendekezea mtu anayetaka ukubwa na uzito lakini bado anataka kitu cha kutumika. Zote ni rivolva za chuma kisichoshika kutu, za kilo 1.1 hivi zikiwa na mtutu wa inchi nne, na kwa kawaida hubeba risasi sita. Kaliba yenyewe ni ya mwaka 1935, na imeshapita katika mikono ya polisi na wawindaji wengi kiasi kwamba hakuna siri iliyobaki kuihusu.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba silinda ya .357 hupokea pia risasi ya .38 Special, ambayo ina kipenyo kilekile lakini ganda lake ni fupi kwa milimita kama tatu na baruti yake ni ya upole. Kinyume chake hakiruhusiwi: ganda la .357 lilirefushwa kwa makusudi ili lisiingie katika rivolva dhaifu za .38 na kuzipasua. Kwa hiyo mmiliki anaweza kujifunza kwa .38, teke lake likiwa jepesi katika silaha nzito namna hiyo, kisha apande polepole kadiri mkono unavyozoea. Hakuna silaha nyingine katika orodha hii inayomlea mwanafunzi kwa urahisi kama huo. Rivolva pia haina magazini inayoweza kukwama. Risasi ikikataa kulipuka, unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine.

Kasoro zake zipo. Risasi sita ni chache mbele ya kumi na saba za Glock 17, bastola ya Austria iliyoanza mwaka 1982 na ambayo haifiki gramu 700 ikiwa tupu na bila magazini. Kujaza upya silinda gizani, mikono ikitetemeka, kunahitaji mazoezi ambayo wengi hawayafanyi. Pia .357 kamili ikifyatuliwa ndani ya chumba hutoa mwako unaopofusha macho yaliyozoea giza na kishindo kinachoumiza masikio moja kwa moja. Ndiyo maana ndani ya nyumba ningeijaza .38, na ninashikilia hivyo hata mbele ya wauzaji wanaoona kwamba huko ni kuidhalilisha Magnum.

Nafasi ya pili: .44 Magnum

Hii ndiyo silaha ambayo watu wengi humaanisha wanaposema bastola kubwa. Smith & Wesson na Remington waliitoa kaliba hii mwaka 1955, baada ya mwindaji na mwandishi Elmer Keith kuwashawishi kwa miaka mingi kwamba .44 Special inaweza kubebeshwa baruti zaidi. Leo mnunuzi atakutana zaidi na Smith & Wesson 629 na Ruger Super Redhawk. Ya pili ina kilo 1.5 na urefu wa sentimita 33 ikiwa na mtutu wa inchi saba na nusu, na fremu yake nene hustahimili miaka ya matumizi bila kulegea. Kati ya hizo mbili ningechukua Ruger kwa uimara, na Smith & Wesson kwa ulaini wa kifyatulio.

Kwa uwanja wa shabaha, .44 ni furaha halisi. Kama ilivyo kwa .357, inakubali kaka yake mdogo, .44 Special, kwa hiyo kuna ngazi ya kupandia. Mpigaji mwenye mikono ya kawaida anaweza kujifunza kuimudu, ingawa baada ya silinda tatu au nne za risasi kamili wengi huanza kufumba macho kabla ya kufyatua, na tabia hiyo ikishaingia huhamia hata kwenye bastola ndogo. Ukihisi imeanza, weka silaha chini siku hiyo.

Ubaya wake kwa Uganda ni makazi yetu. Katika vyumba vya kupanga vya Bwaise au Kisenyi, ambako ukuta wa jirani ndio ukuta wako, na hata katika mitaa ya Ntinda ambako nyumba zimeshikana ua kwa ua, risasi ya gramu 15 inayokwenda mita 400 kwa sekunde haitazuiwa na mlango wa mbao wala bati. Risasi ya milimita 9 nayo hupenya mlango, na hakuna risasi ya kuchezewa, ila ya .44 hubaki na nguvu nyingi zaidi ikishatoka upande wa pili, ambako pengine amelala mtoto. Anayeishi katikati ya shamba lake Nakasongola au Kiruhura ana nafasi pana zaidi, lakini hata yeye ana wachungaji na ng'ombe ambao gizani haoni walipo.

Nafasi ya tatu: Desert Eagle

Desert Eagle ilibuniwa na Magnum Research ya Minnesota, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979, na kwa miaka mingi ilitengenezwa Israeli. Ni ya ajabu kiufundi. Bastola nyingi za magazini hutumia msukumo wa moja kwa moja wa risasi kurudisha sehemu ya juu. Hii huchota gesi ya baruti karibu na chumba cha risasi, huipitisha katika njia nyembamba iliyo chini ya mtutu, na gesi hiyo ndiyo inayosukuma mfumo ambao kifungio chake hujizungusha, kama katika bunduki ndefu. Kwa kuwa sehemu ya nguvu hutumika kuendesha mfumo na silaha ina kilo 2 ikiwa tupu, teke lake ni la polepole kuliko la rivolva ya nguvu sawa. Watu wengi hushangaa kwamba .44 katika Desert Eagle inavumilika.

Tena kuna jambo la kuwafurahisha wapenda ufundi: kitako cha ganda la .50 AE, kaliba iliyobuniwa mwaka 1988, kilipunguzwa kikalingana na kile cha .44 Magnum, ili mwenye bastola abadilishe mtutu na magazini tu apate kaliba nyingine. Huku kwetu urahisi huo ugeuke tahadhari. Cheti hutaja silaha kwa maelezo yake, kwa hiyo mtutu wa kaliba ya pili haununuliwi kabla ya kuwauliza polisi na kupata jibu la maandishi.

Imeshika nafasi ya tatu kwa sababu inadai mengi kwa mmiliki. Kishikio ni kinene mno kwa mkono wa wastani, na asiyekifikia vizuri huishika kilegevu, na ikishikwa kilegevu hukwama. Haikubali risasi ambazo ncha yake ni madini laini ya risasi yasiyovishwa shaba, kwa sababu uchafu wake huziba tundu la gesi, kwa hiyo mnunuzi hawezi kuchagua risasi za bei rahisi. Inabeba risasi saba za .50, nane za .44 au tisa za .357. Marekani kwenyewe bastola mpya huuzwa kwa zaidi ya dola 1,500 kabla ya usafiri, ushuru na faida ya mwagizaji. Kuibeba kiunoni siku nzima chini ya shati jepesi katika jua la Kampala, ukipanda na kushuka boda boda, ni jambo ambalo halitafanyika. Itabaki kwenye sefu, na silaha iliyo kwenye sefu haimlindi mtu njiani.

Kama umeamua kuichukua hata hivyo, ichukue ya .44.

Nafasi ya nne na ya tano: .454, .460 na .500

Kundi hili ninaliweka pamoja kwa sababu hukumu yake ni moja. Kampuni ya Freedom Arms ya Wyoming ilitoa rivolva yake ya .454 Casull mwaka 1983, silaha ya risasi tano iliyotengenezwa kwa uangalifu wa sonara, ambayo nyundo yake lazima ivutwe kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Smith & Wesson walitoa .500 mwaka 2003 na .460 mwaka 2005. Ya .460 inaipita ya .500 kwa manufaa, kwa kuwa silinda yake inapokea pia .454 Casull na .45 Colt, kwa hiyo mmiliki ana risasi tatu za kuchagua, na ya mwisho ni ya upole kabisa. Kwa sababu hiyo nimeipa nafasi ya nne, pamoja na Freedom Arms, na .500 ikabaki mwisho.

Smith & Wesson 500 yenye mtutu wa zaidi ya inchi nane ina urefu wa sentimita 38 na uzito wa kilo 2. Gesi inayotoka katika mwanya kati ya silinda na mtutu ina nguvu ya kujeruhi vibaya kidole kilichosogezwa hapo, na kosa hilo hufanywa hasa na watu waliozoea bastola za magazini ambao hunyoosha kidole gumba mbele. Hatari ya pili ni kubwa zaidi: imeshuhudiwa mara nyingi silaha ikipiga teke, mkono ukaipoteza, kidole kikakivuta tena kifyatulio bila kukusudia, na risasi ya pili ikatoka mtutu ukiwa umeelekea juu au nyuma. Mtu asiyeizoea asipewe zaidi ya risasi moja ndani ya silinda. Na risasi zenyewe, ambazo Marekani huzidi dola 2 kila moja wakati ya milimita 9 haifiki senti 50, humfanya hata tajiri afanye mazoezi haba, na mazoezi haba kwa silaha hii ni balaa.

Hoja ya wanyama

Wauzaji na marafiki hupenda kusema kwamba silaha hizi zinafaa kwa nyati, kiboko na mamba. Huko Alaska hoja ina msingi, kwani mvuvi anaweza kukutana na dubu mtoni na sheria za huko zinamruhusu ajitetee kwa rivolva yake. Hapa, wanyamapori wako chini ya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, yaani UWA, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ina adhabu kali kwa anayeua bila kibali. Kiboko akivamia shamba kando ya Mfereji wa Kazinga, wa kuitwa ni askari wa UWA. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku mwaka 1979, na ule wa burudani uliporudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, ulirudi chini ya kampuni zenye vibali na kwa bunduki ndefu. Mtu asijidanganye kwamba bastola yoyote humsimamisha nyati aliyejeruhiwa na anayekuja mbio.

Kabla ya kulipa

Uhakika wa risasi uje kwanza. Cheti huweka kikomo cha idadi unayoruhusiwa kuwa nayo, na milimita 9 ndiyo inayotumiwa na vyombo vya usalama na wafanyabiashara wengi wenye leseni, kwa hiyo ndiyo inayoagizwa. Mwulize mfanyabiashara mwenye leseni, kwa maandishi, kama anayo .44 sasa hivi ghalani, si kama anaweza kuiagiza. Asipokuwa nayo, .357 nayo iulizwe vivyo hivyo, pamoja na .38.

Vikinga masikio viwili, vya kuziba tundu na vya kufunika sikio lote, vinunuliwe siku hiyohiyo pamoja na miwani. Madhara ya kudumu kwa masikio huanza kwenye mshindo wa desibeli 140, na rivolva za Magnum hupita 160. Sefu ipimwe kwa sentimita kabla ya silaha kununuliwa, kwa sababu sefu ndogo nyingi zinazouzwa madukani hazipokei mtutu wa inchi nane, na nimeona silaha ya thamani ikifungiwa kwenye kabati la nguo kwa sababu hiyo tu, katika nyumba yenye watoto.

Rivolva iliyotumika ikaguliwe ikiwa tupu, mbele ya muuzaji, baada ya wote wawili kutazama kila tundu la silinda. Vuta nyundo polepole kwa kila tundu na uhakikishe silinda imejifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Kisha ishike silinda uitikise mbele na nyuma, kwani kulegea kunakoonekana kwa macho ni dalili ya silaha iliyolishwa risasi kali kupita kiasi. Tazama juu ya mtutu, ndani ya fremu, mahali gesi inapotokea: kwenye .357 iliyotumika sana kwa risasi nyepesi za kasi utaona chuma kimeliwa mstari mwembamba, na mstari huo usipokuwa na kina hauna madhara. Mwishowe soma namba iliyochongwa kwenye fremu ukiilinganisha na ile iliyo kwenye cheti cha muuzaji, tarakimu kwa tarakimu, na kama cheti hakijahuishwa au tarakimu moja haikubaliani, mrudishie silaha yake na fedha zako zibaki mfukoni hadi polisi watakapoithibitisha.